Uso Aliokataa Kuuzika Laurean Mutakyahwa

Baba Paroko, wafiwa, ndugu zetu wa Kanyigo na wa Bukoba mjini, majirani wa Lanham na wa Silver Spring, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kusimama nasi kanisani leo, tarehe 16 Oktoba 1999, familia inawashukuru kabla ya neno lolote, na imempa shemeji yake marehemu, Cosmas Rugaimukamu, kazi ya kuwasomea maisha yake. Tangu mlangoni wengi mmekuwa mkiulizana kwa macho lile sanduku dogo lililo kando ya jeneza ni la nani, na wapo waliokwisha kunong'ona kwamba tumefiwa pia na mtoto, basi tunawaomba subira, mtajibiwa mahali pake, kwa sababu maisha ya Laurean hayasomeki kuanzia mwisho.

Laurean Mutakyahwa alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 katika kijiji cha Kanyigo, wilaya ya Bukoba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Ta Wilbard, aliyekuwa katekista, na Ma Georgia, mkulima, katika nyumba ambayo ukitoka nyuma ya migomba yake unaliona ziwa lote mpaka macho yanachoka. Alitanguliza miguu, na mama yake hakuacha kulitaja jambo hilo kila alipomtuma akakataa kwenda, akisema mtoto huyu alianza ubishi kabla hajaiona dunia, nasi tuliomjua miaka yote hii tunathibitisha kwamba Ma Georgia hakumsingizia.

Alisoma shule ya misheni palepale Kanyigo kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, akaendelea na shule ya kati hadi 1956, na mwaka 1957 akapokelewa katika shule ya ufundi ya misheni mjini Bukoba, alikokaa miaka mitatu chini ya bruda mmoja mzee aliyechonga watakatifu wa makanisa mengi ya upande ule. Kwa bruda huyo alijifunza kushika tezo na patasi, na alijifunza pia sheria moja ambayo hakuivunja maisha yake yote, kwamba sanamu hufumbuliwa macho mwisho, kazi nyingine yote ikiwa imekwisha, na pawe na mtu wa pili chumbani wa kushuhudia, maana uso ukishaanza kuona hauguswi tena na chuma. Laurean aliyebishia karibu kila alichoambiwa, hilo hakulibishia.

Kuanzia mwaka 1960 alichonga milango na altare huko Bukoba na Mwanza, hadi Oktoba 1977, alipoalikwa na parokia moja ya hapa Maryland aje kuwachongea Njia ya Msalaba, naye akaja kwa kazi ya mwaka mmoja, akaimaliza, akabaki. Mwaka 1979 aliajiriwa katika duka la kutengeneza samani kule mtaa wa Shaw, na mwaka 1988 akahamia karakana ya makumbusho moja ya mambo ya majini jijini Washington, ambako kazi yake ilikuwa kutibu vitu vya mti vilivyoliwa na chumvi na wadudu, chini ya bwana Kwasi, mkuu wa karakana, ambaye yuko hapa nasi. Kwasi ni Mmarekani aliyejifunza Kiswahili chuoni akakinoa kwa kubishana na Laurean kila saa ya chakula, na ndiyo maana leo anaongea Kiswahili safi chenye lafudhi ya Kihaya asiyojua ameitoa wapi.

Tarehe 27 Desemba 1969, katika parokia ya Kanyigo, Laurean alifunga ndoa takatifu na Paskazia Kokushubira, dada yake huyu anayewasomea, na tusisahau kwamba siku alipokuja kuposa wazee wetu walimkuta ameinama anakagua miguu ya kiti cha baba badala ya kumtazama mchumba, hata shangazi akauliza kama kijana amekuja kuoa au kununua viti. Paskazia alikuwa na mwanya katika meno ya juu, na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto alilolipata utotoni alipoanguka na mtungi, na kicheko kilichokuwa kikifika mlangoni kabla yake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ferdinand, aliyezaliwa Bukoba tarehe 11 Agosti 1972, na Advera, aliyezaliwa Silver Spring tarehe 2 Februari 1981, mwaka wa pili baada ya mama yake kumfuata mumewe huku. Mwaka 1989 walihamia Lanham, na nyuma ya nyumba Paskazia akapanda mchicha uliotulisha sisi sote, pamoja na wale ambao hawakuwahi kupalilia hata siku moja.

Mwezi Aprili 1996 Paskazia alikwenda nyumbani kumuuguza mama yetu, akamuuguza mpaka akapata nafuu, na siku za kurudi zilipokaribia akampigia mumewe simu kutoka posta ya Bukoba, akamwambia kwamba anaiogopa meli, roho imekataa tu, afadhali azunguke kwa basi. Laurean alimcheka, akamwambia basi litamvunja mgongo bure, apande meli alale kama mtu mwenye akili, na asisahau kumletea senene wa kukaanga. Paskazia hakuwa mbishi, akapanda meli jioni ya Jumatatu tarehe 20 Mei, na asubuhi ya Jumanne tarehe 21 meli ile ilizama ikiwa haiko mbali na Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu wetu, na katika miili iliyopatikana mwili wake haukuwamo.

Ukoo wetu una desturi, na kwa ajili ya wageni tuieleze, kwamba mtu akipotelea majini au porini asionekane, hukatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukalazwa kaburini kwa jina lake, na mwenzi wake ndiye anayetupa udongo wa kwanza, maana bila hivyo matanga hayaanuliwi, na marehemu hukosa pa kulala akabaki kuzunguka milango ya watu wake. Mwezi Julai kaburi lilichimbwa Kanyigo, mgomba ukakatwa ukavikwa, watu wakakaa kumngoja Laurean, naye hakwenda. Tukamwomba aseme neno tu kwa simu ili kaka yake atupe udongo kwa niaba yake, akajibu kwamba hakuoa mgomba, na akakata simu. Mgomba ule ulinyauka kando ya shimo lililo wazi, mvua za vuli zikaja zikalijaza maji shimo lenyewe, na mama yetu akafariki mwaka uliofuata akiwa bado anauliza kama binti yake amelazwa. Sisi wa upande wa mke tulikasirika sana, haifai kuficha jambo hilo mbele ya jeneza, na wapo kati yetu walioapa kutokanyaga tena Lanham, lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo aliokuwa ameubeba Laurean tulikuja kuujua baadaye sana.

Mwezi Februari 1997 karakana ililetewa mwanamke wa mti, mrefu kuliko mtu, ambaye zamani alikuwa amefungwa mbele kabisa ya meli ya vita, pale mabaharia wanapopaita omo, ili aitangulie meli na kuitazamia njia. Meli hiyo ilishindwa vitani zaidi ya miaka mia iliyopita ikazama na watu wake, lakini kabla haijashuka washindi waliipanda na misumeno, wakamkata yule mwanamke kiunoni, wakaja naye kama nyara, na tangu hapo amekaa ukutani watu wakimtazama. Chini yake palikuwa na kibao chenye jina la nahodha aliyeshinda na idadi ya mizinga yake, bila jina la baharia hata mmoja kati ya waliozama. Uso hakuwa nao, risasi na kuoza vilikuwa vimeula kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, na Laurean akapewa kazi ya kumchongea mwingine.

Kwasi alimwagiza atayarishe kipande cha msonobari na kukiunga kichwani, ila asiuguse uso mpaka picha ya zamani iliyoagizwa kutoka nchi ya meli ile iwe imefika, na Laurean akaitikia ndiyo, neno ambalo kinywani mwake lingepaswa kumtia mtu wasiwasi. Picha ikachelewa, naye akajitandia turubai kuzunguka kazi yake, kwa kuwa siku zote hakupenda kutazamwa, na wiki zikapita patasi ikisikika nyuma ya turubai bila mtu kuuliza. Siku ya Jumatano tarehe 21 Mei 1997 alitoka akamwita Kwasi aingie kuwa shahidi, kwa sababu kazi imekwisha na sasa anafumbua macho. Kwasi, aliyekula mezani kwa Paskazia Sikukuu zisizo na hesabu, akaingia akamkuta amesimama pale, juu ya mwili wa mwanamke wa kigeni, midomo imeachana kidogo, mwanya upo, kovu lipo juu ya nyusi ya kushoto, kope zimefumba.

Kwasi anasema alisimama tu kama sheria inavyotaka, na Laurean akainua patasi akaiweka kwenye ukope, na mkono ukabaki hapo. Akaushusha, akauinua tena, akaushusha, na hatimaye akamuuliza mwenzake kwa sauti ya mtu aliyeamshwa kama na yeye anaona anachokiona. Kwasi akamjibu, "Mzee, huyu ni Mama Ferdinand, siwezi kumpeleka ukutani." Laurean aliapa mpaka anaondoka duniani kwamba hakuanza kwa nia hiyo, alikuwa akitafuta uso wowote tu ndani ya mti, mkono ukaenda peke yake, na kilichomtisha kuliko sura yenyewe ni kwamba alikuwa amefanya lile alilokataa kulifanya kwa mwaka mzima, alikuwa amemfumba mkewe macho, kama afumbwavyo maiti.

Picha ilipofika mwezi Juni ilionyesha mwanamke mwingine kabisa, mwenye pua ndefu na macho makavu, aliyeikodolea bahari kama anayeidai kitu, na Laurean akautoa uso wa kwanza, akachonga wa pili, na huo ndio uliopo ukutani mpaka leo. Ule wa kwanza Kwasi alimruhusu auchukue, kwa kuwa ulikuwa mti mpya usio sehemu ya nyara, naye akaubeba ndani ya kitenge cha Paskazia mpaka Lanham, akauweka juu ya kabati la sebuleni, ukitazama mlango.

Tunalosoma sasa familia imekubaliana lisomwe, hata kama baadhi yenu mtatikisa kichwa. Uso ule ulikuwa ukitoa maji. Kwanza ilionekana unyevu kwenye kidevu, kisha matone, na Advera akirudi kutoka shule alikuwa akiyafuta na kumwambia baba yake, "Daddy, ana-sweat tena, can we please move her," naye baba akileta sahani na kuiweka chini ya kidevu. Kwasi alikuja akaupima ule mti, akasema msonobari uliokaushwa miaka mingi hauna maji ya kutoa, akarudi kwake bila kunywa chai. Nyumba ilianza kunukia ziwa, si samaki, bali ile harufu ya asubuhi ufukweni, ya majani yaliyolowa, na wageni wakawa wanachagua viti vya kulipa kabati mgongo. Ni Bi Fathiya peke yake, jirani wa tangu Silver Spring, mtu wa Mombasa asiyemung'unya maneno, aliyeweka kaimati zake mezani akauliza, "Baba Ferdinand, huyu mkeo wamweka hapa mpaka lini? Mtu hulazwa." Laurean kaimati zile hakuzila.

Mwezi Novemba 1998 alianza kuumwa tumbo, akalificha, akasingizia pilipili, na mficha maradhi kifo humuumbua, kwani tarehe 8 Machi 1999 alianguka karakanani, akapelekwa hospitali, na madaktari wakagundua saratani ya kongosho ambayo ilikuwa imekwisha kusambaa. Alitibiwa majira yote ya joto, akilazwa na kutoka, akiwabishia wauguzi kuhusu dawa, chakula na hata siku ya mwezi.

Siku moja mchana mwezi Septemba alimwita hospitalini shemeji yake huyu, ambaye alikuwa hajamsemesha kwa zaidi ya miaka miwili, akamwomba akae karibu. Alimwambia kwamba siku zote hizo kila alipopita mbele ya yule mwanamke wa omo alikuwa akiwafikiria wake wa mabaharia wale, waliobaki ng'ambo bila mwili wa kuzika, na kitu pekee kilichotoka kwenye meli ya waume zao kikatundikwa kwa washindi, na kwamba siku moja aliporudi nyumbani akafungua mlango na kutazamana na kabati, alirudi nje akakaa kizingitini. "Nyara, Cosmas," alisema, "dada yako nimemweka nyara, na vita vyenyewe sikushinda." Akasema hakuwahi kuidharau desturi yetu, ila udongo wa kwanza ni wa mume, na siku atakayoutupa ndiyo siku atakayokubali kwamba yeye ndiye aliyempandisha meli kwa mdomo wake, akicheka, akidai senene. Tulilia wote wawili, watu wazima, mpaka muuguzi akaja kuuliza kama dawa zimeisha nguvu, na hasira tuliyokuwa tumeibeba tangu ule mgomba unyauke ilituishia palepale.

Akaomba mambo mawili, atengenezewe mkewe jeneza lake mwenyewe, asichanganywe naye kana kwamba ni mzigo wake, na yeye mwenyewe arudishwe nyumbani autupe ule udongo wa haki yake kabla mkono haujakufa. Kwasi alilitengeneza sanduku lile mnaloliona, kwa mwaloni, kwa mkono, bila msumari hata mmoja. Jumapili tarehe 3 Oktoba, baada ya misa, Laurean aliketishwa sebuleni Lanham, Ferdinand akaushusha uso kutoka kabatini, na baba yao akaupangusa kwa kiganja, akaulaza sandukuni ndani ya kitenge, akamwomba mkewe msamaha kwa Kihaya, maneno ambayo hatutayasoma. Advera alikuwa amechota udongo nyuma ya nyumba, pale kwenye mchicha wa mama yake, na Laurean akautupa, kidogo sana, lakini aliutupa yeye, na kifuniko kikafungwa. Ilipofika jioni Advera aliichukua ile sahani akaiosha, na anasema ilikuwa kavu, na kwamba sebule kwa mara ya kwanza ilinukia chai.

Siku tisa baadaye, Jumanne tarehe 12 Oktoba 1999, saa tatu asubuhi, Laurean Mutakyahwa alifariki dunia akiwa na watoto wake wawili, bila ubishi wowote, jambo lililotuhakikishia kwamba kweli ameondoka.

Kwa hiyo ndugu waombolezaji, mliloambiwa ni historia ya marehemu mmoja ni historia ya marehemu wawili, na wa pili, ambaye hakuwahi kusomewa, ni Paskazia Kokushubira, aliyezaliwa Kanyigo tarehe 15 Juni 1948, akafariki majini tarehe 21 Mei 1996 akiwa njiani kuja kwa watu wake wa hapa, akaagwa tarehe 3 Oktoba 1999, na atazikwa Kanyigo juma lijalo, katika shimo lilelile lililochimbwa kwa ajili yake, kando ya mumewe. Msafara utaondoka Jumatatu kwa ndege, na ukifika Mwanza utazunguka ziwa kwa barabara, wote wawili ndani ya basi, kama yeye alivyotaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, Baba Paroko aliyekubali kubariki majeneza mawili, bwana Kwasi na wenzake wote wa karakana, Bi Fathiya aliyesema lililotushinda wengine kusema, na majirani wa Lanham waliopika na kuosha vyombo tangu Jumanne bila kuombwa. Na yeyote atakayepita kwenye makumbusho yale, Laurean ameomba asimame mbele ya yule mwanamke wa omo awaombee watu wa meli yake, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa na wake zao hawakupewa cha kuzika.

Shemeji, dada, nendeni mkamwambie mama kwamba binti yake amelazwa, udongo umekwisha kutupwa na macho yamefumbwa na mwenye haki ya kuyafumba, pumzikeni kwa amani.